Bushi za Ngozi Mbichi

Niliwahi kuwalisha mbwa gari langu. Si lote, nisije nikaonekana muongo. Walikula zile sehemu laini tu, vyuma wakaniachia. Lakini walikula, tena mchana kweupe, mimi nimekaa barazani kwenye kiti cha kamba nawatazama, na moyoni nafurahi kwamba hata mbwa wa mtaa wameona kivuli cha gari langu kinashinda vivuli vingine vyote.

Nikiwasimulia watu hili, huwa wanacheka mapema, kabla sijafika mahali pa kuchekwa. Kwa hiyo nianzie mwanzo, maana upumbavu wangu hauji kwa mkupuo mmoja. Huja kidogo kidogo, na kila kidogo kina hoja yake nzuri kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa karani wa mizani kwenye kinu cha kuchambulia pamba, Shinyanga. Kazi yangu ilikuwa kukaa. Gunia linakuja, linapimwa, linaondoka, mimi nimekaa. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kupata kazi iliyomwenea hivyo. Wenzangu wamezaliwa na miguu ya safari. Mimi nilizaliwa na makalio. Nikifika Kishapu tu, naona nimekwenda mbali, naanza kuuliza gari la kurudi linaondoka saa ngapi.

Sasa mtu wa namna hiyo alipataje Landrova? Kwa kurithi. Mjomba wangu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, hakuna mnada ambao hakuukanyaga. Macho yalipomwishia akasema gari apewe "yule aliyesoma". Aliyesoma nilikuwa mimi: nilimaliza kidato cha nne, na kwenye ukoo wetu hiyo ilitosha mtu kukabidhiwa kitu chochote chenye injini. Hakuna aliyeuliza fizikia nilipata nini, nami sikuona sababu ya kuwasumbua.

Gari likaja likakaa uani, chini ya mkwaju. Mara moja moja nililipeleka sokoni likabeba mchele, likarudi. Siku zilizobaki kuku walitagia kiti cha nyuma. Mke wangu hakuliita gari hata siku moja. "Baba watoto," alikuwa akisema asubuhi, "hebu chungulia bandani kama kuna mayai."

Ila hata banda huchakaa. Kwa asiyejua, gari la aina ile hukalia springi za vyuma bapa vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine, na kila ncha ya springi ina tundu. Ndani ya tundu hukaa bushi: kibomba kifupi chenye mpira, na katikati yake hupita boliti inayoishika springi na mwili wa gari. Kazi ya ule mpira ni kuamulia tu, chuma kisigombane na chuma. Za mbele kwangu mpira ulikwisha zamani, na vyuma vikawa vinagombana hadharani. Nikipita shimo, ngo! Nikifunga breki, ngo! ngo! Nikikata usukani kulia, gari lilifikiri kwanza, ndipo likafuata, na siku nyingine halikufuata. Akina mama wa sokoni walinisikia nikiwa bado kwa mbali, wakaanza kusogeza nyanya zao.

Ningeliacha hivyo mpaka leo. Aliyelichokoza jambo ni shemeji yangu.

Mke wangu ni mtoto wa Ushirombo, Msumbwa, nyumba ya Kikatoliki ambayo rozari haikosi ukutani. Mama yao alifariki mdogo wao wa mwisho akiwa bado ananyonya. Mke wangu naye alikuwa msichana tu wakati huo, lakini alimchukua yule mtoto akamfunga mgongoni, akalima naye, akateka maji naye, mpaka akakua. Mtoto huyo ndiye aliyeingia utawa. Sasa alikuwa anaweka nadhiri za daima, Jumapili, parokiani kwao. Na kwenye ibada ile wazazi humsindikiza binti yao hadi mbele ya altare, mmoja huku, mwingine huku, wakamkabidhi. Baba yao alikwisha kufariki pia. Ikakubaliwa kwamba mke wangu atasimama mahali pa mama, na mimi, kwa kuwa ndiye mkwe mkubwa wa nyumba, nitasimama mahali pa baba.

Mke wangu si mtu wa kurudia maneno. Alilisema mara moja, amesimama na ungo mkononi: "Yule mtoto nilimbeba mimi. Siku anatolewa kwa Mungu, mimi nisipokuwepo, atatolewa na nani?" Halafu akaendelea kupepeta.

Ushirombo kwa barabara ya siku zile haikuwa safari, ilikuwa adhabu. Mabasi yalikwenda siku yakijisikia. Petroli ilikuwa ya kibali, ila mimi kwa sababu sikwenda popote nilikuwa nimedunduliza madebe manne. Na magari ya watu binafsi Jumapili mchana hayakuruhusiwa barabarani, kwa hiyo ilibidi kwenda Jumamosi na kulala huko. Nikamwambia mke wangu asihangaike. Gari tunalo, petroli tunayo. Kilichobaki ni bushi.

"Na bushi ziko wapi?" Huyo hakuwa mke wangu. Alikuwa jirani.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mmoja Mgogo, mjane, fundi wa kushona. Cherehani yake aliiweka barazani, ikatazama uani kwetu, kwa hiyo hakuna kilichofanyika kwangu bila yeye kukishonea pindo. Na kwa vile mimi ni Msukuma na yeye Mgogo, tulikuwa watani. Angeweza kuniambia lolote, na aliniambia lolote.

"Mbukwa, mtani," alinisalimia kwa Kigogo. "Dereva wa lori la kinu chenu namshonea kaunda suti. Ijumaa asubuhi anakwenda kuchukua pamba upande wa Ushirombo huko huko. Nimemwambia amwekee mama siti ya mbele. Wewe utapanda juu ya magunia matupu, mwili wenyewe umejaa michembe, hivyo viazi vyenu vikavu, hutaumia."

"Mke wa mtu mwenye gari apande lori la magunia?"

"Gari liko wapi? Mimi naona kuku."

"Jumamosi utaliona likipita, na vumbi nitakuachia ukalie mlenda wako."

Mke wangu hakucheka. Alimwambia jirani, "Dada, mwambie dereva ile siti aishike kwanza." Nilisikia, nikajifanya napangusa miwani.

Nikaenda madukani. Madukani miaka ile mtu alikwenda kusalimia tu. Rafu zilikuwa nyeupe kama ukumbi wa harusi iliyoahirishwa. Mwenye duka la vipuri aliposikia neno bushi alinitazama kwa huruma. "Mzee, hata sabuni ya kunawia sina, wewe unataka bushi." Kwenye gereji wakaniambia niwaletee bushi watafunga. Nikasema kama ningekuwa nazo nisingewajia. Wakasema, na sisi tungekuwa nazo tusingekaa hapa tunacheza bao.

Basi nikaamua kazi ifanyike nyumbani, na aliyesoma. Nikapiga jeki, nikapanga magogo chini ya chasisi, nikaingia uvunguni na spana za marehemu mjomba. Boliti zilikuwa zimefunga ndoa na bushi, ndoa ya kanisani, talaka hazitaki kuisikia. Nilizimwagia oili, nikazigonga, nikazibembeleza kwa Kisukuma, nikazitukana kwa Kiswahili. Zilipotoka hatimaye, nilibaki na mabaki ya mpira yaliyoganda ndani ya matundu. Nikakumbuka kuna mtu alisema mpira hutolewa kwa moto. Nikakoka moto.

Moshi wa mpira ni mweusi na una uvivu, hauendi juu, huzungukazunguka kwanza kutafuta nguo zilizoanikwa. Ukazikuta za jirani.

"Mtani! Unachoma nini?"

"Bushi!"

"Michembe imekwisha? Sasa mmefika kwenye mpira?"

Nikamwomba radhi nikiwa nakohoa. Alianua shuka zake moja moja, na kila moja alinionyesha kwanza.

Jambo la kutoa lilikuwa limekwisha. La kurudisha ndilo lilinikalisha chini. Nilijaribu kukata mpira wa tairi bovu. Kipande nilichokikata kwa kisu kikubwa hakikuingia kwenye tundu, nilichokipunguza kiliingia lakini boliti haikupita, nilichokitoboa kilipasuka. Jioni nilikuwa nimekaa jikoni na mke wangu, mikono imejaa malengelenge, nikitazama kigoda alichokalia. Kigoda kile kilikuwa cha babu. Mguu wake mmoja ulipasuka kabla sijazaliwa, na babu akauviringisha ngozi mbichi ya ng'ombe. Ngozi ilipokauka ilibana, ikawa ngumu kama pembe, na mguu haukucheza tena.

Hapo akili ikanijia. Naomba msomaji asinihukumu; ni akili ambayo Msukuma yeyote angeipata, tofauti ni kwamba wengine wangeilalia ikapita. Kwetu ngozi mbichi ilifunga kila kitu. Mpini wa jembe ukipasuka, ngozi. Kinu kikipata ufa, ngozi. Ngoma ndiyo usiseme. Watu wanapiga ngoma siku nzima kwa nguvu zote na ngozi haijali. Itashindwaje na springi?

"Ngozi!" nikasema.

Mke wangu akageuka na mwiko. Nilimweleza, nikamwonyesha mguu wa kigoda, nikaugonga kwa ngumi kuthibitisha.

"Baba watoto," akasema polepole, "kigoda hakiendi Ushirombo."

Asubuhi nilikuwa machinjioni. Mzee mchinjaji alikuwa ananoa kisu.

"Mwangaluka," nikasema.

"Mwangaluka, baba. Unataka ngozi ya ngoma?"

"Ya gari."

Kisu kikasimama. Alinitazama kidogo, hakuuliza tena, akanikatia kipande kikubwa kuliko nilichoomba, vile mtu anavyomzidishia chakula mgonjwa.

Kazi ile niliifanya kwa uangalifu ambao sijawahi kuurudia maishani. Ngozi niliinyoa manyoya kwa wembe wangu wa ndevu. Mke wangu alipita akaona, akapita tena kuhakikisha ameona. Nikaikata vipande vya upana sawa, nikaviringisha kimoja kimoja vikiwa vibichi, nikavigongomea ndani ya matundu, na kingo nikaziacha zimejitokeza nje kidogo na kukunjwa kama kola, nikiamini ninaongeza ubora. Jua la kiangazi la Shinyanga likafanya lililobaki. Siku iliyofuata zilikuwa ngumu kiasi kwamba ukizigonga zinalia ko, ko. Nikachoma nondo motoni ikawa nyekundu, nikatoboa katikati njia ya boliti. Uani kukanuka kongoro.

"Mtani," sauti ikatoka kwenye cherehani, "hilo likiiva usininyime supu."

Alhamisi alasiri nilifunga boliti ya mwisho, nikafukuza kuku, nikawasha gari. Nikatoka mpaka barabarani. Nikapita shimo la kwanza. Kimya. Nikapita la pili kwa makusudi. Kimya! Nikafunga breki, nikakata kulia, nikakata kushoto, gari linafuata kama ng'ombe mwenye adabu. Sijui niwaelezeje. Nilikwenda hadi gereji kwa wale wa bao, nikapunguza mwendo pale mbele yao, wasikie jinsi ambavyo hakusikiki kitu. Hawakuinua vichwa. Nikarudi nikapita tena.

Nyumbani nilimpandisha mke wangu, nikamzungusha hadi sokoni. Alikaa ameshika mlango kwa mikono miwili. Tulipopita penye lile korongo la karibu na msikiti, akaachia mlango.

"Ni kweli," akasema. "Haligongi."

Tuliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta. "Dada, mwambie dereva ile siti ampe mtu mwingine."

Jirani akaacha kukanyaga cherehani. "Una hakika?"

"Mume wangu amefanya kazi," mke wangu akasema.

Maneno manne hayo nililala nayo. Nimepata vyeti maishani, viwili; hakuna hata kimoja kilichonifanya nitembee vile nilivyotembea jioni ile nikienda kufunga kuku.

Ijumaa asubuhi lori la kinu lilipita, likapiga honi mbele ya nyumba ya jirani, likaenda zake. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Safari ilikuwa kesho yake alfajiri. Mtu mwenye akili timamu angelala. Lakini nilikuwa nimeonja sifa, na mtu aliyeonja sifa hawezi kuacha kitu kizuri kikae.

Kwanza nililiosha gari. Haiwezekani kwenda kusimama mahali pa baba na gari la mavi ya kuku. Nilimwaga maji juu, nikamwaga ubavuni, nikalala chini nikamwaga na uvunguni, kwa ukarimu. Pili, nilipolisukuma kurudi kivulini nilisikia kitu. Kilio kidogo sana, kwii, cha ngozi kavu ikisuguana na boliti. Mtu mwingine asingekisikia. Mimi nilikisikia kwa sababu nilikuwa nimekaa nakitafuta.

Kililia kwa kukosa grisi, na grisi nayo ilikuwa kwenye orodha ileile ya sabuni na bushi. Oili chafu niliyobakiwa nayo nikaona haifai. Hapa elimu ikaingia: oili ni ya chuma, ngozi ni ya mnyama, nayo hutaka mafuta ya mnyama. Ndani kulikuwa na kibuyu cha samli ambacho mke wangu alikiandaa kuwapelekea masista. Nilichota kijiko kimoja. Kikaonekana kidogo. Basi nikaenda na kibuyu chenyewe.

Nilizipaka bushi zile samli mpaka zikang'aa, nikaingiza kidole kila upenyo, zile kola nilizozikunja nikazipaka mara mbili. Halafu nikanawa, nikakaa barazani kwenye kiti changu cha kamba, nikatazama kazi ya mikono yangu.

Mbwa wa kwanza alikuja akiwa ananusa hewa, akaingia uvunguni akalala. Nikasema moyoni, haya, pumzika. Akaja wa pili. Akaja na yule mwekundu wa kwa mchinjaji ambaye hata kwake huwa haonekani mchana. Nikawaona wamejipanga vizuri, wawili gurudumu la kulia, mmoja la kushoto, wametulia, mikia inacheza. Nikawaza kwamba gari likishapendwa na viumbe, ni dalili ya safari njema. Kusinzia kukanijia, nami sikukufukuza.

Nilichosikia baadaye ni sauti ya mke wangu mlangoni. Alikuwa na gauni lake jipya mkononi, anatafuta pasi ya mkaa.

"Baba watoto. Mbona gari linatingishika?"

Nikafungua macho. Lilikuwa linatingishika kweli. Yule mwekundu alikuwa ameikanyaga springi kwa miguu ya mbele, amerudi nyuma kwa kiuno, anavuta. Ngozi iliyoshiba maji na samli ilitoka kwenye tundu polepole, ndefu, ikijikunjua, kama utepe wa mezani siku ya sherehe. Nilipiga kelele, nikarusha ndala moja, nikarusha ya pili. Mwekundu akaondoka na bushi yake mdomoni, kichwa juu, wala hakukimbia. Wale wengine walikuwa wamekwisha kumaliza, wakawa wanalamba boliti.

Gari lilikuwa limeinamia upande mmoja, kama mtu anayetega sikio mlangoni kwa watu. Nililala chini nikachungulia. Matundu yalikuwa matupu na masafi, hata fundi asingeyasafisha vile.

Nilipoinuka, mke wangu alikuwa amekiona kibuyu. Alikitazama, akaitazama mikono yangu iliyong'aa mpaka kwenye viwiko. Nilijiandaa kwa maneno. Alikaa kwenye ngazi, akalikunja lile gauni juu ya magoti yake, akalikunja tena likawa dogo.

"Lori limekwenda," akasema.

Nilitamani anitukane, maana matusi yana mwisho. Nikaanza kumweleza kwamba ngozi bado ipo, nitakata nyingine, itakauka, na huku najua kabisa kwamba hakuna jua la kukausha ngozi kati ya Ijumaa alasiri na Jumamosi alfajiri. Yeye alikuwa anatazama barabara.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Jirani alikwisha kuvuka ukuta, akaangalia uvunguni, akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu tuwe watani hakuniambia kitu. Alimwambia mke wangu, "Vaa viatu." Kisha akatoka, ametupia kanga begani, na kwa mwendo ule nilijua anakwenda mnadani.

Siku ile ilikuwa ya mnada wa ng'ombe. Haukupita muda akarudi akiwa amekaa mbele kwenye lori, anamwelekeza dereva kwa kidole. Nyuma kulikuwa na mitamba, wanapelekwa kwa mfugaji mmoja wa Ushirombo.

"Mbele kuna nafasi ya akina mama wawili," dereva akasema. "Baba atapanda nyuma, kuna kijukwaa cha mchunga, atashika bomba. Nitakwenda taratibu."

Jirani alikuwa anafunika cherehani yake kwa kitambaa. "Nakwenda naye," akaniambia. "Siwezi kumwacha peke yake na ng'ombe barabarani. Na wewe panda, mtani, twende."

Nikasogea nyuma ya lori. Nikawatazama mitamba. Nao wakanitazama. Niliona wazi machoni mwao kwamba habari za ile ngozi zimekwisha kuwafikia. Juu ya hapo kulikuwa na jua, na vumbi, na suti yangu ya kusimamia altareni, na usiku wa kulala Kahama nisikokujua. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Nendeni tu. Lazima mtu abaki kulinda gari."

Dereva alisubiri. Akapiga honi. Akasubiri tena. Mke wangu alikuwa amekwisha kukaa, gauni kwenye mfuko, kibuyu chenye samli iliyobaki mapajani. Alinitazama kupitia dirishani, si kwa hasira, kama mtu anayehakikisha kwamba amefunga mlango.

"Sawa," akasema. Wakaondoka.

Jumamosi nililinda gari. Mbwa walirudi kukagua, wakakuta hakuna kitu, wakaondoka wamevunjika moyo. Nilikula mayai. Nilijiambia kwamba nateseka, halafu nikakaanga mengine. Jumapili, saa ya misa, nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeliona. Nilivaa ile suti, nikafunga tai, nikaenda kukaa ndani ya gari, kwenye kiti cha dereva, limeinama vilevile. Nilikaa mpaka nilipokadiria kwamba nadhiri zimekwisha. Kuku mmoja alinifuata akakaa kiti cha nyuma.

Walirudi Jumanne na lori la pamba, vumbi hadi kwenye nyusi, wamebeba mihogo na picha takatifu. Walikuwa wanacheka tangu getini. Nikawatolea viti, nikawapa maji, nikauliza kwa sauti ya mtu asiyejali: "Mlifika?"

"Tulifika," mke wangu akasema. "Lilizama kwenye mchanga Masumbwe, tukasukuma, tukalala huko huko. Tulifika kengele ya pili inagonga. Nilinawa kwenye bomba la kanisani nikabadilishia nguo stoo ya mapadri. Nilikuwa nanuka mtamba mzima mzima." Alicheka, halafu uso ukatulia. "Nilimshika mkono. Nikamwambia usiogope, ni mimi. Nikamsindikiza mpaka mbele."

Nikashusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu Ijumaa. "Na mahali pa baba?"

Wakatazamana.

"Nilisimama mimi," jirani akasema.

"Wewe! Wewe Mwanglikana!"

"Ndiyo."

"Mgogo!"

"Tangu kuzaliwa."

"Mwanamke!"

"Padri hakuuliza hayo. Aliuliza baba yuko wapi, tukamwambia yupo nyumbani, analinda. Akasema haya, asimame mtu, watu wanasubiri. Nikasimama."

Mke wangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Halafu akasema, bila kunitazama, "Lakini yule mtoto alikuulizia. Kabla hatujaingia aligeuka mara nyingi kutazama mlango."

Nilitazama uani, nikatazama lile gari. Nikasema, na nilidhani kabisa nasema kweli, kwamba nilitaka sana kuwepo, kwamba hakuna kitu nilichokitaka kuliko kusimama pale, na kama si zile bushi kuniangusha, ningekuwepo.

Jirani alikuwa anainuka kwenda kwake. Alisimama, akakung'uta vumbi kwenye sketi.

"Mtani, bushi hazikukuzuia. Lori lilikuwa na nafasi yako, na dereva alikupigia honi. Hukutaka kutoka hapa barazani, na hata ungeletewa bushi mpya kutoka Ulaya ungetafuta kingine cha kuharibu."